Mashine ni ile ile, kapita ndiye anabadilika

Ordinatere mbili za aina moja, zilizotoka katika kiwanda kimoja, zilipewa kazi moja. Ya kwanza ilimaliza kwa segonde 0,148. Ya pili ilitumia segonde 0,554, ni kusema karibu mara ine ya ile ya kwanza. Hakuna iliyokuwa na ugonjwa, hakuna iliyokosa umeme. Namba hizi zilichapwa Marekani mwaka wa 1979, zamani sana kwa mambo ya ordinatere. Lakini funzo lake lingali bichi, zaidi kwa mutu ambaye bei ya mizigo yake inatoka kila siku ndani ya kioo cha mashine.

Kazi yenyewe ilikuwa nini?

Wataalamu wane, Jack Dongarra, Jim Bunch, Cleve Moler na Pete Stewart, walitunga programu zinazoitwa LINPACK. Kazi yake ni kutatua hesabu zenye kufungamana. Munajua aina yake tangu masomo: mifuko miwili ya bunga na chupa moja ya mafuta ni bei fulani, mufuko moja na chupa tatu ni bei ingine, tafuta bei ya kila kitu. Pale vitu visivyojulikana ni viwili tu. Katika jaribio la LINPACK vilikuwa 100, ndani ya hesabu 100. Ili kufika mwisho, ordinatere inapaswa kuzidisha na kujumlisha karibu mara 687 000.

Tena, hizo si namba nzima kama za kuhesabu mifuko. Ni namba zenye virgili. Ordinatere inaziandika kwa namna ya pekee: inachunga tarakimu kadhaa, kisha inachunga pembeni pahali virgili inapaswa kukaa. Ni vile inaweza kushika 0,000047 na 47 000 000 ndani ya nafasi moja. Tarakimu ni 4 na 7, virgili tu ndiyo inatembea. Kwa Kifaransa wanaiita virgili yenye kuelea. Ni hesabu za namna hiyo zinatumika kwa kupima nguvu ya upepo, uzito wa ndege, na vilevile kiasi cha shaba ndani ya mulima.

Katika kitabu cha LINPACK cha mwaka wa 1979, waandishi walitia orodha ya ordinatere, na ya kila moja walionyesha pahali ilikuwa, muda iliotumia, na programu gani iliitayarisha kazi. Hilo jambo la mwisho, watu wengi wanalirukia. Njo siri yenyewe.

Kapita ndani ya ordinatere

Ordinatere haisikii lugha ya mutu. Mutaalamu anaandika kazi kwa lugha kama Fortran, na programu ingine, inayoitwa kompilateri, inaigeuza kuwa amri ndogo ndogo ambazo chuma kinasikia. Lakini kompilateri si mutafsiri tu. Ni kapita. Yeye ndiye anapanga nani anafanya nini, kwa mufuatano gani, na vyombo vinawekwa wapi.

Wazia ekipe ya watu kumi katika shimo. Kapita wa kwanza anasema: kila mutu achukue chepeo ku depo, apige mara moja, arudishe chepeo ku depo, kisha aende tena kuichukua. Kazi itafanyika, bila kosa hata moja. Lakini jioni mufuko haujae. Kapita wa pili anaacha chepeo mikononi mwa watu, anatuma wabebaji wakati wachimbaji wanaendelea kupiga, hakuna anayesimama bure. Watu ni wale wale, shimo ni lile lile.

Kompilateri inafanya vile vile. Ikiwa mutu ameiambia isijisumbue, inarudisha kila namba katika memware kisha inaitafuta tena. Ikiwa imeambiwa itengeneze kazi vizuri, inaacha namba karibu, pahali chuma kinapofanya hesabu, na inapanga kuzidisha na kujumlisha kuende pamoja. Amri hiyo moja inayotolewa mbele ya kazi, "tengeneza" ao "usitengeneze", inabadilisha matokeo yote.

Tuangalie ordinatere yetu ya mwanzo, CDC 7600, iliyotungwa na Seymour Cray. Katika orodha ya 1979 inaonekana mara ine:

Los Alamos, sehemu za katikati zikiandikwa kwa mukono katika lugha ya chuma: segonde 0,148.
Los Alamos, kompilateri ya kiwanda peke yake: segonde 0,210.
Boulder, kompilateri iliyotungwa pale pale: segonde 0,359.
Livermore, kompilateri ingine, bila kuambiwa itengeneze: segonde 0,554.

Mutu angesoma musitari wa mwisho peke yake, angesema CDC 7600 ni ya polepole, kwa sababu IBM 3033 ilipata segonde 0,388. Angesoma musitari wa kwanza peke yake, angesema inaipita IBM hiyo mbali sana. Wote wawili wangekuwa na karatasi mukononi, na wote wawili wangegombana bure.

Mashine ya mamilioni inapitwa na muzee

Kuna zaidi. Boulder walikuwa pia na Cray-1, ordinatere iliyosifiwa sana wakati ule, yenye bei ya karibu milioni 8 za dola. Nguvu yake ilikuwa katika kupitisha namba 64 zikifuatana, sawa vile mukanda wa kiwanda unavyobeba mawe bila kusimama. Kwenye karatasi ya muuzaji iliandikwa kwamba inaweza kufika hesabu milioni 160 kwa segonde.

Katika jaribio la LINPACK, kwa kompilateri peke yake, Cray-1 ilitumia segonde 0,192. Piga hesabu: ni milioni 3 na nusu kwa segonde. Mukanda ulikuwa unatembea nusu mutupu. Ile CDC 7600 ya Los Alamos, mashine ya zamani kuliko yeye, ilikuwa imemaliza kwa 0,148. Muzee alimupita kijana, sababu aliandaliwa vizuri zaidi. Kisha watu wa Boulder wakaandika zile sehemu za katikati kwa mukono. Cray-1 ile ile ikashuka hadi segonde 0,049, ni kusema milioni 14 kwa segonde. Hapo ikawa ya kwanza katika orodha yote. Lakini hata hapo haikufika sehemu moja ya kumi ya ile 160 ya karatasi.

Ya mwisho katika orodha ilikuwa DEC KA-10 ya iniversite ya Yale: segonde 17,1.

Hii inahusu nini muchimbaji?

Inamuhusu sana. Katika miaka ya 1950, injenyere moja wa migodi ya zahabu ya Witwatersrand, Afrika ya Kusini, jina lake Danie Krige, alitafuta namna ya kukadiria kiasi cha zahabu pahali ambapo hawajachimba, kwa kutumia sampuli zilizochukuliwa pembeni. Mufaransa Georges Matheron akaitengeneza kuwa elimu kamili, na kwa kumuheshimu Krige akaiita krigeage. Namna yake: mulima unagawanywa katika vipande, na kwa kila kipande unatatua hesabu zenye kufungamana ili kujua kila sampuli ina uzito gani. Ni ndugu wa ile kazi ya LINPACK.

Sasa tuseme mulima una vipande 10 000, na kila kipande kinaomba kazi kubwa kama ile ya hesabu 100. Kwa KA-10 ya Yale ni saa 47 na nusu, siku mbili usiku na muchana. Kwa CDC 7600 isiyotengenezwa ni saa moja na nusu. Kwa CDC 7600 iliyotengenezwa ni minuti 25. Kwa Cray-1 iliyoandaliwa vizuri ni minuti 8. Injenyere anayengoja siku mbili atajaribu mara moja tu, kisha ataamua. Anayengoja minuti 8 atabadilisha sampuli, atajaribu tena, ataona kosa lake mbele ya kutuma watu kutoboa pahali pasipo kitu.

Mbio bila ukweli

Lakini mbio peke yake si kitu. Ile orodha ya 1979 ililinganisha mashine ambazo hazikuchunga tarakimu sawasawa. CDC 7600 na Cray-1 zilichunga karibu tarakimu 14. KA-10 ilichunga karibu 8 tu.

Tarakimu zinazokosa zinaleta hatari gani? Mizani kubwa ya kamyo inajibu. Ukitupa jiwe la kilo moja juu ya kamyo yenye tani 30, kioo hakitembee. Ukitupa moja moja, na kila mara kioo kinaandika upya ile ile tani 30, hata mawe mia yatapotea yote. Lakini ukiyakusanya kwanza katika mufuko, kisha uweke mufuko kwa mara moja, kioo kitaona kilo 100. Ordinatere ni vile vile. Ikichunga tarakimu 8, 10 000 000 ukiongeza 0,4 inabaki 10 000 000. Ongeza 0,4 tena, bado ni ile ile. Anza na 0,4 na 0,4, upate 0,8, kisha uongeze kwa ile kubwa: sasa inaandika 10 000 001. Namba ni zile zile, mufuatano tu ndio umebadilika.

Na kumbuka: kapita ndiye anapanga mufuatano. Kuna amri za kompilateri zinazomupa ruhusa ya kugeuza mufuatano ili aende mbio zaidi. Mara nyingi haileti taabu. Siku ingine tarakimu za mwisho zinabadilika, na mutu anashangaa programu moja inatoa majibu mawili. Zamani kila kiwanda kilikuwa na kanuni yake ya kukata tarakimu. Ni mwaka wa 1985 kanuni moja, IEEE 754, ilikubaliwa, na William Kahan alifanya kazi kubwa juu yake.

Chuma pia kinaweza kusema uongo. Mwaka wa 1994 profesa Thomas Nicely wa Marekani alitambua kwamba Pentium ya Intel, iliyokuwa ya mbio sana, inakosea hesabu zingine za kugawanya. Ukigawanya 4 195 835 kwa 3 145 727, jibu ni 1,33382. Yenyewe ilisema 1,33374. Intel ilitenga dola milioni 475 juu ya kosa hilo na kubadilisha vipande vile.

Na wakati jaribio linajulikana sana, watu wanajifunza kulidanganya. Katika majaribio ya SPEC ya mwaka wa 1989 kulikuwa moja linaloitwa matrix300. Kompilateri za kisha zilijifunza kulipanga upya, na alama zikaruka juu mara nyingi bila chuma kuguswa. Kazi zingine za wateja hazikupata faida ile. Mwaka wa 1992 liliondolewa katika orodha.

Maulizo ine

Mama ao baba anayemununulia mutoto wa polytechnique ordinatere ya okazyo, na muuzaji anamuonyesha gigaherzi tu, anaweza kuuliza maulizo ile ile. Na koperative inayopeleka shaba kwa negosia pia.

Kwanza: mulipima kazi gani? Gigaherzi ni mwendo wa saa ya ndani, haisemi kazi gani inamalizika. Fungua programu ambayo mutoto atatumia, na uangalie saa.

Pili: nani aliitayarisha mashine, na kwa amri gani? Mashine ndogo inayosoma tenere kwa miali inafuata pia namna ilivyorekebishwa, muda uliopewa wa kusoma, unyevu wa mizigo, na kama jiwe limesagwa. Mizigo yenye maji inasomwa chini kuliko ile iliyokauka.

Tatu: inachunga tarakimu ngapi, na nani anakata zile za mwisho? 2,96 ikiandikwa 2,9 kwa kila mufuko, juu ya kamyo nzima hiyo ni falanga za kweli.

Ine: tunaweza kupima tena? Kazi ile ile, sampuli ile ile, mashine ingine, mbele ya watu wa pande zote mbili.

Uzuri wa orodha ya 1979 haukuwa kumutangaza mushindi. Ni kwamba pembeni ya kila namba waliandika pahali, mashine na kompilateri, hata neno "bila kutengeneza" pale ilipofaa. Koperative inaweza kufanya vile katika kaye ya kawaida: tarehe, mashine gani, nani aliishika, mizigo ilikuwa mikavu ao yenye maji, namba iliyotoka. Kisha mwezi moja kurasa zile zitaonyesha kama tofauti inatoka mulimani ao inatoka kwa kapita.