Fahamu: Tony Gilroy, mwandishi aliyeasisi Andor, ni nani?

Katika Tuzo za Emmy za 2025, Dan Gilroy alishinda tuzo ya uandishi wa tamthilia kwa kipindi kimoja cha Andor. Aliyeiasisi tamthilia hiyo ni kaka yake, Tony.

Uandishi uliwakuta nyumbani. Baba yao, Frank D. Gilroy, alipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1965 kwa mchezo wa kuigiza wa jukwaani. Tony, aliyezaliwa New York mwaka 1956, alianza na The Cutting Edge (1992), filamu ya mapenzi kati ya wachezaji wa kuteleza kwenye barafu. Miaka 10 baadaye alikuwa akiandika ujasusi wa The Bourne Identity.

Kwangu, kazi yake bora ya sinema ni Michael Clayton (2007), aliyoiandika na kuiongoza mwenyewe. Inamhusu mtu anayezima kashfa za wateja wa kampuni ya mawakili. Iliwania Oscar 7, na Tilda Swinton akatwaa moja.

Ujuzi huohuo wa kuonyesha uovu unaofanyika maofisini ndio alioupeleka Andor. Ingawa ni hadithi ya Star Wars, sehemu zinazotisha zaidi ni vikao vya maofisa wanaogombea vyeo huku wakipanga kuangamiza watu. Vipindi 24 vilimpa nafasi ya kuonyesha taratibu jinsi raia wa kawaida anavyogeuka mwasi, nafasi ambayo filamu ya saa mbili haina.

Waandishi wa Marekani walipogoma Mei 2023, naye alisimamisha kazi zake za Andor.