Mshairi Aliyejiita Mgomba

Mgomba una faida gani? Utajibu upesi: unatupa ndizi. Majani yake tunafungia vitu. Shina lake tunalisha ng'ombe. Ni kweli. Lakini palikuwa na mtu aliyeupenda mgomba usiompa hata ndizi moja.

Mtu huyo ni Matsuo Basho, mshairi wa Japani. Alizaliwa mwaka 1644. Alikaa katika kibanda pembeni mwa mji wa Edo, ambao leo unaitwa Tokyo. Mwaka 1681 mwanafunzi wake alimpa mche wa mgomba. Ukapandwa karibu na kibanda. Naye akajiita Basho, maana yake mgomba.

Mgomba huo wa Japani hauzai ndizi za kula. Shina lake halifai kujengea. Majani yake huchanwa na upepo. Basho aliupenda kwa sababu hiyo hiyo. Alikaa kivulini mwake, akitazama upepo na mvua. Aliona kuwa binadamu naye ni dhaifu, na duniani anapita tu.

Mashairi yake ni mafupi sana. Yana mizani 17 tu: 5, kisha 7, kisha 5. Neno "mgomba" lina mizani 3: m-go-mba. Ubeti wetu wa mistari minne, kila mstari mizani 16, una mizani 64. Katika mizani zake 17, Basho alitaja kitu kimoja alichokiona, na majira ya mwaka. Basi.

Shairi kama hilo lina faida gani kwa mkulima? Sisi mabwana shamba huuliza: mmea huu unatoa nini? Swali hilo ni zuri. Lakini tukiuliza hilo peke yake, tutakata kila mti usiotupa chakula. Mti ulio juu ya chemchemi hautoi hata debe moja la mahindi. Lakini ukikatwa, mvua huchukua udongo, na chemchemi huweza kuzibwa na tope. Ndipo kina mama hufuata maji mbali. Mtu anayetazama kwanza, hakati ovyo.

Kesho, kabla ya kushika jembe, simama kidogo. Tazama kitu kimoja: umande, mchwa, au wingu. Jioni andika mistari mitatu. Hesabu mizani kwa vidole. Kisha wasomee watoto wako.

Sasa unajua kuandika. Andika ulichokiona.