Kufyeka kwa Zana ya Mwenye Uwanja

Mvua zikinyesha, majani hayangoji mtu. Katika wilaya za Tarime na Serengeti mwezi wa tatu, wa nne na wa tano ni miezi ya masika. Wiki chache zinatosha kugeuza uwanja wa nyumba, wa zahanati au wa nyumba ya wageni kuwa pori. Mwenye uwanja anaogopa nyoka. Anaona pia aibu mbele ya wageni. Basi anatafuta mtu wa kufyeka.

Huenda mtu huyo ni wewe. Kazi hii haidai mtaji mkubwa, na wengi wetu hatuna hata fyekeo zuri. Mwenye uwanja anakuambia, "Njoo tu, fyekeo lipo." Maneno hayo manne ni matamu sana kwa mtu asiye na zana. Lakini ndani yake mna mambo mengi ambayo hayajasemwa. Fyekeo likivunjika, nani atalipa? Mashine ikizima katikati ya kazi, siku yako inapotea kwa hasara ya nani? Ukikatwa na kisu kilicholegea, itakuwaje?

Tuchukue mfano. Kijana anakwenda kufyeka uwanja wa mama mmoja pale Mugumu. Wamepatana shilingi 15,000. Mama anamtolea mashine ya kubeba begani, ile yenye kisu kinachozunguka. Kijana anaona petroli imo. Anavuta kamba, mashine inawaka, anaanza kazi. Baada ya nusu saa mashine inazima. Anavuta kamba tena na tena, lakini haiwaki.

"Mwanangu, umeniharibia mashine," anasema mama.

"Hapana, mama. Nimeikuta hivi hivi."

"Juzi ilikuwa nzima kabisa."

"Mimi sijui ya juzi, mama. Nimeitumia kama ulivyonipa."

Nani anasema kweli? Labda wote wawili. Labda juzi mtu mwingine aliiazima, akaijaza petroli tupu isiyo na oili, akairudisha bila kusema. Fundi anataka fedha nyingi kuliko ule ujira. Kijana anarudi nyumbani mikono mitupu. Mama amebaki na uwanja uliofyekwa nusu na mashine mbovu. Jioni majirani wanasikia kwamba kijana huyo ni mharibifu, na wiki inayofuata hakuna anayemwita. Hasara hiyo ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote.

Hapa hakuna mwizi wala mtu mwenye roho mbaya. Kosa ni moja tu: mwenye mashine na mwenye kuifanyia kazi hawakuiangalia pamoja asubuhi.

Jambo hili si geni kwetu. Mtu anayekwenda kulima kwa plau na ng'ombe wa mwenye shamba hafungi ng'ombe kimya kimya. Kwanza anaangalia nira kama ina ufa. Anavuta mnyororo. Anagusa kile chuma kinachokata udongo, aone kama kimelika. Kisha anauliza ng'ombe yupi hupiga teke, na yupi hutembea upande wa kulia. Hakuna mzee anayekasirika kwa kuulizwa hayo. Kinyume chake, anajua kwamba amempata mtu wa kazi. Sasa kwa nini tukipewa fyekeo au mashine tunaona haya kuuliza?

Wengine husema, "Yule ni mkubwa wangu, nikikagua zana yake ataona simwamini." Ni kweli kwamba maneno yanaweza kuumiza. Basi chagua maneno. Ukisema, "Hii mashine yako ni nzima kweli?" umekwisha kumtia mashaka. Lakini mwamkie kwanza, kisha sema, "Mama, naomba tuiangalie pamoja kabla sijaanza, nisije nikaiharibu mali yako." Hapo unaonyesha kuijali mali yake. Mimi sijaona mtu mzima anayekataa ombi la namna hiyo.

Sheria nayo ina neno. Tanzania tunayo Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyotungwa mwaka 1961. Ndani yake mna sehemu inayohusu mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake kwa kazi fulani. Mambo manne ya sehemu hiyo yanatuhusu sisi.

La kwanza ni juu ya mwenye zana. Anapaswa kukuambia ubaya wa zana anaoujua, kama ubaya huo unaweza kukuzuia kuitumia au kukuletea hatari. Akijua kwamba kisu kina ufa, akanyamaza, nawe ukaumia kwa sababu ya ufa huo, yeye ndiye mwenye kuwajibika.

La pili ni juu yako. Uitunze zana ile kama mtu mwenye busara ya kawaida anavyotunza mali yake mwenyewe. Usiiache kwenye mvua. Usiiache njiani ukaenda kunywa chai.

La tatu linafuata la pili. Kama umeitunza hivyo, na bado ikaharibika, hudaiwi, isipokuwa mmepatana vinginevyo. Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Ukikubali mwenyewe kwamba "chochote kikiharibika nitalipa mimi," umejifunga. Fikiri kabla ya kukubali.

La nne huwashika wengi. Zana umepewa kwa uwanja wa mama huyu tu. Ukipita nayo kwa jirani kufyeka kidogo upate shilingi 5,000 za haraka, umetoka nje ya mapatano. Ikiharibika huko, utalipa, hata kama ulikuwa mwangalifu.

Sasa tuangalie zana yenyewe. Fyekeo la mkono ni rahisi kukagua. Shika mpini, utikise. Chuma kikicheza, kaza au kataa. Chuma kikichomoka hewani huruka mbali, nacho hakichagui pa kutua. Pitisha jicho kwenye makali. Fyekeo butu humchosha mfyekaji na kumfanya apige kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo watu hukata miguu yao. Kwa hiyo uliza kama kuna tupa ya kunolea. Kama haipo, njoo na yako. Tupa ni zana ndogo ambayo mfyekaji yeyote afaa kuwa nayo, hata kama fyekeo si lake.

Mashine ya begani inataka muda zaidi. Kabla ya kuiwasha, angalia mkanda wa begani, kinga iliyo juu ya kisu, na kisu chenyewe. Kisu chenye ufa au kilichopinda kisitumike hata kwa dakika moja. Mashine isiyo na kinga nayo usiikubali, kwa sababu kinga ndiyo inayozuia mawe yasikurukie. Kisha iwasheni pamoja, mwenye mashine akiwa amesimama hapo. Sikilizeni inavyolia. Izimeni, muiwashe tena. Mashine inayowaka mara moja ikiwa baridi, halafu ikakataa ikishapata moto, ina ugonjwa wake wa zamani. Ni heri ugonjwa huo ujulikane mbele ya mwenyewe.

Mafuta ndiyo huua mashine hizi kuliko kitu kingine, na ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi. Injini nyingi za begani hazinywi petroli tupu. Zinataka petroli iliyochanganywa na oili ya kuchanganyia, kwa sababu oili hiyo ndiyo inayolainisha vyuma vya ndani. Ukitia petroli tupu, mashine itawaka vizuri tu, na hapo ndipo watu hudanganyika. Vyuma vya ndani vitasagana vikiwa vikavu, vitapata moto, na injini itakufa kwa muda mfupi. Lakini ziko injini nyingine za begani ambazo hutumia petroli peke yake, na oili ina mahali pake mbali. Hizo ukizitia mchanganyiko hukosei kidogo. Kwa macho tu huwezi kuzitofautisha upesi.

Hapa kisomo kinakulipa. Soma kwenye kifuniko cha tangi au karibu nacho. Mara nyingi pana alama au namba. Ukiona 50:1, maana yake ni sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili. Lita moja ya petroli inataka mililita 20 za oili. Ukiona 25:1, lita moja inataka mililita 40. Mashine moja haifanani na nyingine, kwa hiyo usitumie kipimo cha mashine ya jana kwa mashine ya leo. Kama alama zimefutika, muulize mwenyewe, au kitabu kilichokuja na mashine kama bado kipo. Na mafuta yaliyokwisha kuwemo muulize pia: nani aliyachanganya, na lini? Mafuta yaliyokaa miezi mingi hayafai. Asipojua, mwageni kwenye dumu, mtie mapya. Usichanganye mafuta kwenye chupa ya soda. Mtoto akiiona atafikiri ni soda.

Mkiwa mnazungumza mafuta, malizeni kabisa: nani anayanunua? Ujira wa shilingi 15,000 ambao ndani yake mna petroli yako si shilingi 15,000.

Kuhusu ujira wenyewe, watu wengi hudhani kwamba ukitumia zana ya mwenye uwanja lazima ukubali bei ndogo sana. Ni haki kupunguza kidogo, maana hununui zana wala huichakazi yako. Lakini wewe hukuuza zana tangu mwanzo. Unauza siku yako na nguvu zako. Zana mbovu ya mwenye kazi ikikulaza kivulini saa tatu ukimngoja fundi, saa hizo ni zako zimeliwa. Basi semeni mapema: mashine ikizima bila kosa lako, utalipwa kwa sehemu uliyokwisha kufyeka, au utamalizia kwa fyekeo la mkono kwa bei nyingine.

Na kuna jambo la majani yenyewe. Kwetu sisi wafugaji majani yaliyokatwa ni chakula cha ng'ombe. Usifunge mzigo na kuondoka nao kwa kudhani ni takataka. Uliza. Nimesikia ugomvi mkubwa kwa ajili ya mzigo mmoja wa majani kuliko kwa ajili ya fyekeo.

Kabla ya kuanza, tembea uwanja mzima. Okota mawe, mifupa, vipande vya waya na chupa. Kisu cha mashine kikigonga waya, waya unaweza kuruka kama mkuki, na kisu cha watu kitakuwa kimeharibika mikononi mwako. Vaa viatu vya mpira vya kufika magotini, suruali nzito, na miwani ya kukinga macho. Kama mwenye mashine ana miwani, iombe pamoja na mashine. Watoto na watu wengine wakae mbali, mita 15 au zaidi. Majani yakijizungusha kwenye kisu, zima injini kwanza, ungoja kisu kisimame, ndipo uyatoe. Usiongeze mafuta injini ikiwa ya moto.

Ikiharibika, simama. Usiifungue. Mwite mwenyewe aione pale pale ilipozimia, hata kama unaujua ufundi. Mkipatana ukanunue kipuri Tarime mjini au Sirari, rudi na risiti, rudi na chenji, na umkabidhi kipuri kile cha zamani mkononi mwake.

Katika mikoa hii ya kandokando ya Ziwa Victoria, Mara ikiwa mmoja wao, mradi wa kisomo chenye manufaa ulianza mwaka 1968. Tangu siku hizo tulifundishwa msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi tulifikiri daftari ni la duka tu. Lakini nusu ukurasa unatosha kwa kazi ya kufyeka. Andikeni nakala mbili, moja yako na moja ya mwenye zana. Mfano wake ni huu:

Mugumu, tarehe 12 Aprili.
Mimi .................. nimepokea kwa .................. mashine moja ya kufyekea.
Tumeiwasha pamoja, inawaka. Kinga ipo. Mkanda wa begani umeshonwa.
Mafuta anatoa mwenye mashine. Amechanganya yeye.
Kazi: uwanja wa mbele na wa nyuma. Ujira: shilingi 15,000.
Majani yaliyokatwa ni ya mwenye uwanja.
Mashine ikiharibika kwa uzembe wangu, nitalipa mimi. Ikiharibika bila uzembe wangu, atalipa mwenye mashine, nami nitalipwa sehemu niliyofyeka.
Sahihi ya mfyekaji: ..................
Sahihi ya mwenye mashine: ..................
Shahidi: ..................
Imerudishwa saa ........ Hali yake: ..................

Asiyejua kuandika aweke dole gumba, na shahidi amsomee kwanza kila mstari kwa sauti. Mkikosana baadaye, karatasi hiyo ndiyo mtakayompelekea mwenyekiti wa kitongoji au afisa mtendaji wa kijiji, naye atakuwa na kitu cha kusoma badala ya kusikiliza kelele mbili.

Ule mstari wa mwisho uacheni wazi mpaka jioni. Kazi ikiisha, futa majani kwenye kisu, iwashe mashine mara moja mbele ya mwenyewe, kisha ujazeni mstari huo wote wawili, kwenye nakala zote mbili, kabla hajahesabu fedha.