Kuhifadhi Eneo-kazi la Zamani: Kompyuta na Madini ya Masisi na Walikale

Makala haya yanaeleza jinsi mfumo wa uendeshaji wa kompyuta unavyoweza kufanywa upya bila kupoteza eneo-kazi la zamani. Eneo-kazi ni madirisha, menyu na picha ambazo mtumiaji huziona. Mfumo wa uendeshaji ndio utawalao mitambo. Katika Linux viwili hivi hutengana: mtu aweza kuweka maeneo-kazi kadhaa, akachagua moja kabla ya kuandika neno lake la siri.

Hata hivyo, programu mbili zenye majina yale yale hugongana. Ndiyo sababu mwaka 2011, GNOME 3 ilipochukua nafasi ya GNOME 2, walioipenda sura ya zamani waliiendeleza kwa jina la MATE, wakabadili na majina ya sehemu zake: Nautilus, programu ya kupangia mafaili, ikawa Caja. Hivyo ya zamani na mpya zikaweza kukaa katika mashine moja. Aidha, eneo-kazi jepesi hutumia kumbukumbu kidogo, na mashine kuukuu huendelea kufaa.

Jambo hili linaigusa Kivu ya Kaskazini. Koltani ya Rubaya, wilayani Masisi, hutoa tantalamu ya kapasita. Kasiteriti ya Bisie, wilayani Walikale, hutoa bati la lehemu. Huko Rubaya wachimbaji huchimba kwa sepetu na mikono. Kompyuta nzima itupwapo kwa ajili ya sura mpya tu, jasho lao nalo hutupwa.