FUNDI ALIPWE KWA KAZI INAYOONEKANA

Mkulima akivuna vizuri, au pesa za maziwa zikitosha, jambo la kwanza ambalo wengi hufikiria ni nyumba. Watoto wamekua na chumba kimoja hakiwatoshi tena. Basi fundi huitwa aongeze vyumba viwili ubavuni mwa nyumba ya zamani. Hilo ni jambo jema. Lakini hapo ndipo wengi hupoteza pesa zao, kwa sababu hawakupatana sawasawa juu ya malipo.

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, na kazi yangu ni kuandika. Hata hivyo nilipoongeza nyumba yangu sikuandika neno lo lote. Nilimpa fundi nusu ya malipo kabla hajachimba msingi. Kuta zilipofika madirishani alisema ana shida nyumbani kwake, nikampa nyingine. Mwisho nilikuwa nimelipa karibu zote, na kazi haijafika nusu. Akapata kazi mahali pengine, akaenda zake. Mvua ya mwezi wa Aprili ikazikuta kuta zangu za matofali mabichi hazina paa, nazo zikaanguka. Niliuza mitamba miwili ili nianze tena.

Kosa lilikuwa langu pia. Mtu aliyekwisha kula mshahara wa kesho hana haja ya kuamka mapema.

Kupatana kabla ya kuanza

Tembea na fundi mahali pa kazi, mpime urefu na upana, mhesabu milango na madirisha. Kisha mtenge bei ya vifaa na bei ya kazi ya mikono. Ukiweza, nunua mwenyewe mawe, simiti, mchanga, mbao na mabati, na uweke risiti. Fundi alipwe kazi yake tu. Semeni pia ni nani atakayewalipa vibarua. Usipoliuliza jambo hili, huenda vibarua wakaja mlangoni kwako kudai pesa ambazo ulikwisha kumpa fundi.

Yote haya yaandikwe katika nakala mbili, na kila mmoja atie sahihi mbele ya shahidi. Mama wa nyumba awepo, kwa maana mara nyingi yeye ndiye anayebaki na fundi wakati mume yuko shambani au kwenye chama cha ushirika. Mpatane ni nani kati yenu atakayetoa pesa, ili fundi asilipwe mara mbili.

Kugawa malipo

Usilipe kwa wiki wala kwa mwezi. Lipa kwa hatua za kazi. Tuseme kwa mfano kwamba mmepatana Sh. 60,000 kwa kazi ya mikono. Mnaweza kuzigawa hivi:

Msingi ukiisha: Sh. 12,000.
Kuta zikiisha pamoja na linta: Sh. 18,000.
Paa likiisha kuezekwa: Sh. 12,000.
Sakafu, plasta, milango na madirisha: Sh. 12,000.
Za kubaki mpaka mwisho: Sh. 6,000.

Kabla ya kulipa hatua yo yote, itazame kazi pamoja na fundi. Mwambie aweke timazi ukutani na pima maji juu ya msingi, nawe uone kwa macho yako. Kazi ya simiti yataka kumwagiwa maji kwa muda wa siku 7 angalau ili ishike vizuri. Basi mpatane kwamba hatua haijaisha mpaka maji hayo yamemwagwa. Fundi anayekimbilia malipo aweza kuziondoa mbao za kushikilia linta kabla ya wakati wake.

Zile Sh. 6,000 za mwisho zina maana kubwa. Nyumba iliyoongezwa huvuja hasa pale paa jipya linapokutana na la zamani, na kasoro hiyo haionekani wakati wa kiangazi. Andikeni tarehe ya kuzilipa, baada ya mvua kunyesha. Pakivuja, fundi atengeneze kwanza. Pasipovuja, mlipe siku ile ile.

Fundi akiomba pesa ya chakula kabla hatua haijaisha, waweza kumpa kidogo. Iandike, aitie sahihi, na uitoe katika malipo ya hatua hiyo. Ukilipa kwa M-Pesa, usiufute ujumbe wake, maana unaonyesha jina, tarehe na kiasi. Tena, ukitaka dirisha jingine ambalo halikuandikwa, mpatane bei yake kabla halijajengwa.

Wajibu wa mkulima

Fundi naye ana watoto. Usimwite kabla hujawa na pesa za hatua ya kwanza na vifaa vyake. Kama pesa zatosha msingi na kuta tu, ni afadhali kungoja mpaka za paa zipatikane, kuliko kuziacha kuta zinyeshewe. Akimaliza hatua yake vizuri, usimwambie arudi kesho.

Mkigombana, pelekeni hati yenu kwa wazee au kwa chifu. Isipofaa, iko Mahakama ya Madai Madogo iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016. Husikiliza madai yasiyozidi Sh. 1,000,000, na yapasa kuyaamua katika muda wa siku 60. Lakini huko pia utaulizwa: mliandikiana nini?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mtoto wa shule ni bei ndogo. Mitamba miwili si bei ndogo.