Wasasi na Kupe wa Maine

Msasi nimemjua kuwa ni mtu wa kupunguza wanyama. Basi habari za Maine, jimbo la kaskazini mashariki ya Marekani, zilinistaajabisha. Huko yuko mnyama aitwaye musi, jamii ya kulungu, mrefu kupita farasi, dume lake lina pembe pana mfano wa sinia. Adui yake mkubwa ni kupe. Kabla ya theluji kupe hupanda vichakani makundi makundi, wakamdandia apitapo; musi mmoja huweza kubeba makumi ya maelfu. Ndama hunyonywa damu hata akaanguka. Mwaka 2022, katika ndama 70 waliovishwa redio shingoni na wataalamu, 60 walikufa.

Siku hizi theluji huchelewa, na kupe hupata nafasi zaidi.

Mwaka 2021 serikali ya jimbo iliongeza leseni za kuwinda majike sehemu moja ya mwituni. Hesabu yao: musi wakipungua, kupe watakosa pa kushika, watakufa, ndama watapona. Mfugaji yeyote wa Tana ataifahamu hesabu hiyo. Lakini kumpiga mama risasi ili wana wapone ni neno zito, nami siwalaumu wanaolipinga.

Katika jimbo la Vermont, msasi hupeleka jino la mnyama aliyemuua, wataalamu wakajua umri wake.