Jinsi Mtoto Mdogo Apatavyo Kuyajua Maumbo

Leo twapenda kusema nanyi juu ya jambo lionekanalo dogo, lakini lina uzito katika malezi: nalo ni jinsi mtoto apatavyo kuyajua maumbo.

Mtoto mchanga asiyetimiza mwaka aweza kuona tofauti ya umbo hili na lile. Lakini kuona si kujua. Mchoreeni mtoto wa miaka minne au mitano mraba uliokaa sawasawa, naye atasema upesi, “Huu ni mraba.” Kisha uzungusheni usimame juu ya pembe yake moja, na pengine atakana: “La, si mraba tena.” Asidhaniwe kuwa mjinga. Yeye hahesabu pande wala hapimi pembe. Hulijua umbo kwa sura yake nzima, kama amjuavyo jirani kwa uso wake.

Walimu wawili wa Uholanzi, Pierre van Hiele na mkewe Dina van Hiele-Geldof, walilieleza jambo hili mwaka 1957. Ngazi ya kwanza, walisema, ni kulitambua umbo kwa sura. Ya pili ni kuzijua sifa zake. Tena mtu hapandi ngazi kwa kukua tu, bali kwa kufundishwa.

Basi yatupasa tufanyeje? Mtoto aliyezoea pembetatu iliyo kama sambusa ataikataa ile ndefu nyembamba. Kwa hiyo tumkatie za namna nyingi, pana na nyembamba, tena tuzigeuze huku na huku. Maria Montessori, aliyefungua nyumba ya watoto mjini Rome mwaka 1907, aliwapa maumbo ya mbao wapapase kingo zake kwa vidole. Tuchanganye pia umbo lisilo pembetatu, kama lenye upande uliopinda, kisha tuulize, “Wajuaje?” Swali hilo ndilo limfanyalo ahesabu pande.

Mtoto agombezwaye kwa jibu lake hajifunzi mraba, hujifunza kunyamaza. Na akinyamaza, hatutajua tena alipokwama.

Basi jioni hii, enyi wazazi, tandikeni kitambaa cha mraba mkekani, mwulizeni mtoto jina la umbo lake. Kigeuzeni mbele ya macho yake, mwulizeni tena, nanyi msikilize kwa saburi.